Mtoto anaogopa boti: kuchora kutamsaidia, au tunamaliza karatasi bure?

Mwalimu_Langoni aliuliza:

Assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo.

Naulizia mwanafunzi wa miaka 9, mkazi wa Lamu mjini. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, mashua waliyopanda iliingia maji. Hakuna aliyedhurika, ila tangu siku hiyo mtoto hapandi chombo. Mwanzo ilikuwa boti tu, sasa hata jeti, yaani gati la kupandia vyombo, hakanyagi, na injini ikinguruma anaziba masikio. Watu wa visiwani mnajua maana yake: asiyevuka hapa hana pa kwenda.

Mamake aliambiwa "mchoreshe", kwamba iko tiba ya sanaa ya kuondoa hofu. Kalamu za rangi kanunua, mtoto anachora maua na nyumba, hofu iko pale pale. Anayeijua kazi hii anieleze: achore nini, kwa kitu gani, kwa muda gani, na tutajuaje kama inasaidia? Halafu kuna hili, babake hataki achore watu wala wanyama. Dua anasomewa na tutaendelea kumsomea. Hapa natafuta hatua.

rangi_na_chumvi alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na hayo maua. Anayachora kwa sababu hayamtishi, na hilo si kosa, lakini maua hayamfikishi jeti. Kuchora kunafaa kwa hofu ya namna hii pale tu kunapomsogeza mtoto karibu na kile anachokiogopa, kidogo kidogo, kalamu ikiwa mkononi mwake. Akiachiwa vitu vitamu peke yake wiki sita, atakuwa amepata njia nyingine nzuri ya kuikwepa boti.

Na tuelewane kuhusu jina. Tiba ya sanaa hasa ni kazi ya mtu aliyeisomea. Mzazi na mwalimu wanaweza kuazima mbinu zake chache, na kwa hofu moja iliyo wazi kama hii mara nyingi zinatosha.

Vifaa kwanza, maana vina tabia. Penseli, kreyoni na kukata-kubandika humpa mtoto mamlaka: mstari unakaa alipouweka. Rangi za maji hutiririka zinakotaka. Kwa mtoto ambaye shida yake ni maji yasiyosikia amri, kikopo cha rangi kikipinduka kwenye karatasi siku ya kwanza, umeanza vibaya. Mwanzo mpe penseli na kreyoni. Rangi za maji zije wiki ya tatu au ya nne, na zije kwa makusudi, kwenye karatasi ya gramu 200 kwenda juu. Ile ya fotokopi ya gramu 80 ikilowa hujikunja, ukisugua mara ya pili inatoboka, na mtoto anadhani kaharibu yeye. Kreyoni za mafuta ziwekwe kivulini, jua la saa saba linazilainisha hadi zinashika vidole. Na mkikaa barazani, karatasi ibanwe kwenye ubao kwa vibanio vya nguo pembe zote nne, maana upepo wa huku hauna subira.

Kikao kisizidi dakika 45, mara mbili kwa wiki. Dakika 5 za mwanzo achore mistari tu: mkono unapanda akivuta pumzi kwa hesabu ya 3, unashuka akiitoa kwa hesabu ya 5. Kisha achore bilauri yenye alama 0 hadi 10 ubavuni, aipake rangi mpaka pale hofu yake ilipo sasa hivi. Ndipo mchoro wenyewe, dakika 20 au 25. Mazungumzo dakika 10. Mwisho bilauri nyingine, tarehe chini, na mchoro uingie kwenye sanduku lenye kifuniko. Kifuniko afunge yeye. Usibandike ukutani na wageni wasioneshwe. Mtoto akijua picha inakwenda sebuleni, atarudi kwenye maua.

Katika mazungumzo usiulize "hii ni nini?" wala usiseme "nzuri sana!". Swali la kwanza linamwambia hujaelewa, sifa inamfundisha kukupendeza. Sema "nieleze picha yako", halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu moyoni hadi kumi. Baadaye: "kabla ya hapa kulikuwa na nini?" "Kisha?" Na tafadhali usimfasiri kwa rangi. Watu wakiona mtoto kapaka nyeusi wanaingiwa na wasiwasi. Huenda mtoto kaipenda nyeusi kwa sababu tu inaonekana vizuri.

Sasa ngazi, ambayo ndiyo roho ya kazi. Kata karatasi mbili za A4 kila moja vipande vinne, upate kadi 8. Kila kadi achore hali moja ya boti, na achague mwenyewe. Kwa mji huu huenda zikawa hizi: kuziona boti kutoka mbali, akiwa mlangoni pa duka; kusimama mwanzo wa jeti; kukaa kwenye vidato vya jeti maji yakiwa yamejaa; kugusa ubavu wa mashua; kukaa ndani ya mashua iliyofungwa; kukaa ndani injini ikiwa imewashwa lakini kamba haijafunguliwa; kuzunguka mbele ya mji dakika 5; kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara. Nyuma ya kila kadi aandike namba ya hofu, 0 hadi 10, kisha azipange sakafuni kutoka ndogo hadi kubwa. Mpangilio utakushangaza. Mara nyingi sauti ya injini inakuwa juu ya safari yenyewe.

Kadi yenye 3 ndiyo ya kuanzia. Wiki hiyo anaichora vizuri, kwa undani, halafu siku ya pili anakwenda mahali penyewe na kadi mfukoni. Anaandika namba akifika, anakaa, anaandika tena kila baada ya dakika chache. Haondoki hofu ikiwa kileleni. Anakaa hadi ishuke nusu hivi, hata ikichukua dakika 30 au 40. Sababu yake: akiondoka ikiwa 8, kitu pekee alichojifunza ni kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa, na kesho jeti itakuwa kali zaidi. Kadi ileile irudiwe siku nyingine mpaka aianze kwa 2 au chini. Ndipo ya pili. Kuruka kadi mbili kwa sababu "leo yuko vizuri" ndilo kosa ninaloliona sana, linaangusha kazi ya wiki tatu kwa mchana mmoja.

Kuhusu babake: hakuna kinachopungua. Hofu haihitaji uso. Jeti, tanga, maji, mawingu, kamba, vyote vinachoreka. Mtoto mwenyewe awe kifungo cha shati, anakihamisha kutoka kadi hadi kadi. Wako watoto wanaosema mengi zaidi wakishika kifungo kuliko wakichora mtu. Mwelezeni baba mpango mzima kabla ya kuanza. Baba aliyeambiwa husaidia jeti.

fundi_wa_mbao alijibu:

Mimi ni upande wa vyombo, si upande wa akili, lakini kuna jambo moja la mikono linafaa hapa.

Watu huwapa watoto unga wa chumvi wafinyange mashua: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kikombe 1 cha maji. Unafinyangika vizuri. Lakini mtoto akishafinyanga mashua atafanya nini? Ataitia kwenye beseni. Na unga wa chumvi ukiingia majini unalainika, unapasuka, unazama mbele ya macho yake. Mtoto huyu ndiye wa mwisho unayetaka aone hivyo. Hata pasipo beseni, hewa yetu ina unyevu, ule unga unanyonya na kurudi ulaini, na ukiuanika nje punda na mbuzi wanaufuata kwa chumvi.

Tumia kifuu cha nazi. Chukua nusu isiyo na macho, maana lile jicho laini likishatoboka linavujisha. Sugua ukingo kwa msasa. Mlingoti ni kijiti cha uti wa kuti kisichozidi urefu wa kidole; kirefu kinakipindua. Tanga ni kitambaa kidogo au karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa, na hapo ndipo mtoto achore anachotaka, ndiyo sanaa yenu hiyo.

Beseni liwe na maji ya kina cha sentimita 15 hivi. Kwanza kifuu kikiwa kitupu, apige maji kwa kiganja. Kitayumba na huenda kikalala. Kisha kipe farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo: kokoto mbili tatu chini kabisa katikati, zishikwe kwa matone ya nta. Zisipogandishwa zinaviringika upande mmoja na chombo kinalalia huko, ambalo nalo ni somo. Apige maji tena. Sasa kinainama, kinarudi. Kinainama, kinarudi. Mtoto anayeogopa boti huwa anaamini kuinama ndiyo mwanzo wa kuzama, na maneno ya mtu mzima hayamtoi hapo. Mkono wake mwenyewe unamtoa.

Baada ya hapo atie maji ndani ya kifuu kwa kijiko cha chai, ahesabu vijiko. Kabla hakijazama ayatoe kwa kijiko hichohicho. Mwambieni hiyo ndiyo kazi ya upo, kile chombo cha kutekea maji, na kwamba kufua maji, yaani kuyatoa, ni kazi ya kawaida chomboni, vyombo vya mbao huvuja kidogo. Maji kidogo kuonekana kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, si habari mbaya. Jaribuni kwanza bila yeye, nta ikiwa imeshika.

Na mkienda jeti tazameni maji. Yakipwa, vidato vya chini vina utando wa kijani, vinateleza, na chombo kinakaa chini sana, hatua ya kushukia ni ndefu. Nendeni maji yakiwa yamejaa, asubuhi kabla upepo haujaamka. Miezi ya Juni na Julai, kusi ikiwa kali, ziahirisheni kadi zenye namba za juu. Kuogopa bahari iliyochafuka ni akili.

bi_ukili alijibu:

Nyote mmesema vyema, lakini mbona hamkutaja kutuliza? Mtoto akiwa na 8 hana masikio ya kusikia habari za farumi. Kupaka michoro ya kurudiarudia kunatuliza, na hilo limepimwa. Marekani mwaka 2005 walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwanza, kisha dakika 20 za kupaka rangi. Waliopaka duara lenye nakshi na waliopaka miraba walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Nyingine ya 2016, watu wazima 39, dakika 45 za kazi ya sanaa, kortisoli, homoni ya msongo, ikapungua kwa watu kama 75 kwa mia, wachoraji wazoefu na wasiojua kuchora sawasawa.

Na sisi nakshi hatuazimi. Chora duara kwa kisahani cha kikombe, likate, likunje mara tatu, ukilikunjua una vipande 8. Kipande kimoja mtoto anakijaza kwa nakshi ya mlango au ya kofia au ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha anairudia kwenye vile saba. Wala hamna mtu wala mnyama ndani yake, baba atafurahi.

Nauliza pia: akishachora ile hofu, si aichome moto au aitupe baharini? Nimesikia kunapendekezwa.

rangi_na_chumvi alijibu:

Bi, nakubaliana nusu. Karatasi tupu kweli ni nzito kwa mtu mwenye wasiwasi, ndiyo maana nilisema aanze kwa mistari na bilauri. Duara lako liingie pale mwanzoni, au nyumbani usiku kabla ya kulala. Hizo tafiti mbili zilipima utulivu wa muda ule ule, hazikupima kama mtu alipanda boti wiki iliyofuata.

Lisiingie chomboni. Akipaka nakshi boti inavuka, macho kwenye karatasi, akifika ng'ambo atahesabu kwamba nakshi ndiyo iliyomvusha. Siku akisahau kalamu nyumbani hofu inarudi yote, na pengine na nduguze. Ndani ya boti macho yawe juu, kwenye maji, kwenye mkono wa nahodha. Kalamu itoke mara moja tu kuandika namba.

Kuchoma, hapana. Kwanza, ile picha ndiyo kipimo chenu; mchoro wa wiki ya 1 ukiwekwa kando ya wa wiki ya 6 mtoto anaona mwenyewe jinsi boti ilivyokua na maji yalivyopungua kwenye karatasi. Pili, ukimwambia hofu inaungua, usiku akiogopa tena anafikiri kuna kitu kibaya ndani yake ambacho hata moto umekishindwa. Ya kutupa baharini usiniulize, bahari ina takataka za kutosha.

Mwalimu_Langoni aliuliza:

Shukrani sana. Kifuu tumeanza nacho. Swali moja: kila akipewa nafasi ya kuchora anachotaka, anachora mashua ileile, imelala, maji yamejaa. Mara nne sasa. Nimkataze?

mshauri_Malindi alijibu:

Usimkataze, Mwalimu, lakini ziweke zile picha nne sakafuni kwa mpangilio wa tarehe, uzitazame vizuri. Swali ni moja: kuna kinachobadilika? Ikiwa ya pili ina jeti kwa mbali, ya tatu kamba, ya nne maji yamefika nusu tu, mtoto anafanya kazi, muache. Ikiwa zote nne ni nakala, mashua pale pale, mkandamizo wa penseli uleule hadi karatasi inachanika, na akimaliza bilauri iko juu kuliko alipoanza, huko ni kuzunguka mahali pamoja. Kurudia kwa namna hiyo hakumpunguzii, kunamchimbia.

Cha kujaribu ni ukanda wa picha tano. Kata karatasi ya manila ukanda wa sentimita 15 kwa 75, ukunje uwe miraba mitano. Ile picha anayoijua aichore kwenye mraba wa TATU. Kisha mraba wa tano, jioni ile nyumbani: taa, sahani, mkeka wa kulalia. Halafu wa kwanza, asubuhi kabla ya safari. Halafu wa nne, jinsi walivyotolewa. Wa pili ndio wa mwisho. Sababu ya kuruka hivi ni kwamba kumbukumbu ya mtoto imekwama kwenye mraba wa tatu kana kwamba ndio mwisho wa kisa. Akiwa na wa tano mkononi mapema, anaujua mwisho kabla ya kurudi kati. Hapo kwenye mraba wa nne ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawakumbuki. Mtu mzima aliyekuwemo chomboni amweleze kwa maneno machache ya kweli: nani alimshika mkono, nani alitupa kamba. Msibuni kitu. Mtoto aliyedanganywa kwenye mraba wa nne haamini wa tano.

Kazi hiyo igawanywe vikao vitatu. Siku moja ni nyingi.

Sasa mipaka. Akiota ndoto mbaya mara kwa mara, akirudia kukojoa kitandani, akikataa shule, akishtuka hovyo au akionekana kama hayupo huku amekaa mbele yako, na hayo yamepita mwezi mmoja tangu tukio, wekeni kalamu chini na mpelekeni kwa daktari wa hospitali ya kaunti aelekezwe kwa mshauri wa watoto. Hivyo hivyo kama chomboni kuna mtu alifariki. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi inayowasajili, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza "umesajiliwa?" bila kuonekana mkosefu wa adabu. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Usiku wa manane mama anaweza kuipiga.

Jambo la mwisho kwa nyumba nzima: lile neno "usiogope". Liacheni. Mtoto hulisikia kama amri asiyoiweza. Badala yake "naona imefika 6, tukae kidogo tuone". Na kile kikao cha jeti aende na mtu mmoja tu, yule asiyeogopa yeye mwenyewe. Mama akiwa na hofu ya maji, mtoto anaisoma mkononi mwake kabla hajafika kidato cha kwanza.

fundi_wa_mbao alijibu:

Nyongeza kwa siku ya kadi ya tano na ya sita. Zungumzeni na nahodha siku moja kabla, msimshtukize. Mwambieni mambo matatu: kamba haifunguliwi hata akisema mtoto yuko sawa, injini inawashwa mtoto mwenyewe akiinua mkono, na abiria wengine wasiwepo, maana abiria watacheka. Jaketi la kujiokoa alivae jeti, si ndani, na libanwe mikanda yote. Likiwa kubwa linampanda masikioni na anahisi anakabwa. Akae katikati, karibu na tezi kidogo, yaani nyuma ya chombo. Omo, ile sehemu ya mbele, ndiyo inayoruka.

Mwalimu_Langoni alijibu:

Nimenakili yote. Safari ya darasa kwenda Manda, kisiwa jirani, nimeshamwambia mamake kwamba si lazima kwake, asijione ana siku ya mwisho. Ukanda wa miraba mitano tunaukata leo alasiri, na mjomba wake aliyekuwemo chomboni amekubali kuja siku ya mraba wa nne.